Sakafu ya mianzi sio "kijani" kwa sababu tu mwanzi ni nyasi

Hii imani ipo miaka mingi, kwamba mwanzi ni nyasi, unakua chapchap, kwa hiyo ukiweka sakafu ya mianzi umeokoa msitu. Nusu yake ni kweli. Ule mwanzi wa moso wa China, ndio unatumika sana kwa sakafu, unaota tena wenyewe kwenye mizizi, ila kurefuka haraka sio kukomaa, maana kwa sakafu huvunwa ukiwa na kama miaka mitano hivi, ukiukata ukiwa bado mchanga utapata kitu laini tu.

Alafu mwanzi ni bomba, ndani wazi, hauwezi kutoa ubao. Kwa hiyo wanaupasua vipande vyembamba, wanachemsha kutoa sukari na wanga ili wadudu wasivutiwe, wanakausha, wanapaka gundi, wanagandamiza kwa joto. Hapo kwenye gundi ndio penyewe! Nyingi zina kemikali ya formaldehaidi, na gundi ya bei poa inaweza kuendelea kuitoa humo ndani kwako, yani ile harufu inayochoma macho. Uliza kama ni E1 au E0, yani viwango vya formaldehaidi kidogo inayotoka, muuzaji akibabaika mwache.

Na ile rangi ya kahawia watu wanadhani ndio ngumu zaidi, kumbe imepikwa kwa mvuke na mara nyingi ni laini kuliko ile nyeupe-nyeupe.

Kuna sehemu China misitu ya asili imefyekwa kupanda moso tupu, hiyo kwenye boksi haiandikwi.