Je, wajua? Kimondo cha jiwe hakikuumia kilipoanguka bali zamani kabla ya hapo, na eksirei hupima kiliumia kiasi gani

Ukikiona kimondo cha jiwe kina gamba jeusi na nyufa, ni rahisi kudhani kwamba majeraha yote ni ya kupita hewani na kubamiza ardhi. Gamba ni kweli la hewani, ila ni ngozi tu ya kama milimita 1. Fuwele zilizopinda ndani ni habari nyingine kabisa.

Hesabu yenyewe inatosha. Hewa hulipunguza mwendo jiwe la ukubwa wa ngumi hadi likatua kwa mita 50 hadi 100 kwa sekunde. Hata likiangukia mwamba mtupu, shinikizo halifiki gigapaskali 1. Olivini, madini yanayojaa katika mawe haya, huanza kuonyesha dalili za mshtuko karibu na gigapaskali 5, yaani kama mara 50,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Huko kwenye ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii, miamba hugongana kwa wastani wa kilomita 5 kwa sekunde, na shinikizo hufika makumi ya gigapaskali. Mawe yaliyonyesha Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 ni ya kundi la L (aina ya vimondo vya mawe vyenye chuma kidogo), ambalo asteroidi mama yake ilivunjwavunjwa miaka milioni 470 hivi iliyopita. Ikilinganishwa na hayo, kutua Mbale kulikuwa kuwekwa chini taratibu. (Kimondo cha Mbozi hakimo humu: kile ni chuma, hakina olivini ya kupima.)

Kipimo cha kawaida ni ngazi za mshtuko, S1 (lisiloguswa) hadi S6 (lililopigwa vibaya zaidi), zilizopangwa mwaka 1991 na Stöffler, Keil na Scott. Mtaalamu hutazama kipande chembamba cha mikromita 30 chini ya hadubini na kuamua kwa jicho. Tatizo ni hilo jicho: kati ya S2 na S3 watu wawili makini huweza kutofautiana. Eksirei hutoa namba.

Chukua kioo kizima, kinga jua, elekeza mwanga ukutani: utapata doa moja safi. Sasa kipasue kioo hichohicho bila kukibandua kwenye fremu, vipande viiname kidogo kila kimoja upande wake. Doa linarefuka na kuwa mchirizi. Kisage kabisa, na mwanga unatapakaa kote. Tabaka za atomu ndani ya fuwele hufanya hivyo kwa eksirei. Fuwele nzima hutoa doa kwenye kigunduzi bapa. Iliyoshtuliwa imegawanyika vijipande vilivyopishana mwelekeo, nayo hutoa mchirizi unaofuata tao la duara. Mchirizi hupimwa upana pale mwanga wake unapofika nusu ya kilele: sehemu ya nyuzi 1 kwa jiwe lisiloguswa, nyuzi kadhaa kwa lililopigwa vibaya.

Tahadhari, upana ni wa aina mbili. Kurefuka kando ya tao ni vijipande kuinama. Kunenepa kuelekea katikati ya duara au nje ni nafasi baina ya tabaka kubanwa na kuvutwa, na huko chembe ndogo mno nazo hunenepesha. Mkazo huo wa tabaka na udogo wa chembe hutenganishwa kwa pembe ambayo eksirei hugeukia: mchango wa mkazo huongezeka pembe inapokua kwa kasi tofauti na ule wa udogo. Kabla ya yote hayo hupimwa unga wa kigezo, kwa kawaida lanthanamu heksaboridi, ili unene wa mashine yenyewe uondolewe.

Bomba la kutoa eksirei lifaalo ni la kobalti. La shaba huamsha chuma kilichomo jiweni, nacho hutoa mionzi yake na kuzamisha picha. Kwa kobalti, mstari wenye nguvu wa olivini (tabaka za nanomita 0.277) huangukia kati ya nyuzi 37 na 38. Mwale wa mikromita 300 huelekezwa kwenye punje moja, nayo huzungushwa nyuzi kadhaa wakati wa kupiga picha ili vijipande vyote vipate zamu. Punje moja haitoshi. Chukua nyingi, kwa sababu wimbi la mshtuko halikupita sawasawa. Mwale ukigusa punje mbili jirani, madoa yao huungana na kujifanya mchirizi. Ukiona vilele viwili vilivyotengana, tupa kipimo hicho. Usisage sampuli ovyo pia: kinu huongeza mkazo wake na huharibu kabisa habari ya tao. Hata kung'arisha kwa pupa huacha ngozi iliyoumia.

Namba hizi hazirukiruki kwa ngazi. S2 na S3 huingiliana hata hapa. Feldspari, madini mengine ya mawe haya, husaidia kwenye mapigo makubwa: ikigeuka kioo kiitwacho maskelinaiti, mistari yake hutoweka na kubaki kifundo kipana tu. Kigumu zaidi ni jiwe lililopigwa kisha likapashwa moto kwa muda mrefu. Olivini hujipanga upya, michirizi hurudi kuwa madoa, na jiwe husomeka S1. Kwa hiyo S1 husema fuwele ni nzima leo. Kama jiwe liliwahi kupigwa, hilo hutafutwa kwingine: mishipa ya madini iliyoyeyuka, au saa ya argoni (umri unaohesabiwa kwa gesi ya argoni iliyokusanyika jiweni) iliyoanza upya.