Mitandao ya kijamii mingi midogo au mmoja mkubwa: dhana na ukweli

Dhana: Mitandao ikiwa mingi, kila mtu atabaki kisiwani kwake.
Ukweli: Mastodon, mtandao wa kijamii alioanzisha Eugen Rochko mwaka 2016, ni maelfu ya seva (kompyuta zinazotunza akaunti za watumiaji) zenye wamiliki tofauti. Zinaunganishwa na itifaki ya ActivityPub, yaani kanuni za pamoja za kuwasiliana, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2018, hivyo aliyejiunga kwenye seva ya Ujerumani anamfuata wa Japani kama mwenye Gmail anavyomwandikia mwenye Yahoo. Wingi usio na muunganiko wa namna hiyo hauna faida; unakuongezea nywila tu.

Dhana: Mtandao mkubwa hauyumbi.
Ukweli: Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takribani saa sita, kwa kosa moja lililofanyika wakati wa matengenezo. Aliyekuwa akitangaza bidhaa Instagram na kupokea oda WhatsApp alikwama kotekote. Seva ndogo nazo hufungwa, pesa zikiisha au msimamizi akichoka, lakini nyingine huendelea.

Dhana: Seva ikinishinda, nitahama na kila kitu.
Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wafuasi huhama, machapisho hubaki. Fungua kwanza akaunti mpya, na kwenye mipangilio yake uandike anwani ya ile ya zamani. Kisha rudi kwenye ya zamani, pakua faili za CSV (orodha zinazofunguka kama jedwali) za unaowafuata na uliowazuia, ndipo uagize uhamisho kwa anwani mpya na nywila yako. Faili hizo unazipakia mwenyewe kwenye akaunti mpya. Ukishahama, utasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena.
Yote haya yanataka seva ya zamani iwe bado hewani. Ikizimwa ghafla, wafuasi wamepotea. Kwa hiyo chagua seva iliyoorodheshwa kwenye joinmastodon.org: masharti ya kuorodheshwa ni pamoja na kunakili data kila siku, kuwa na mtu wa pili mwenye funguo za seva, na kutoa taarifa ya miezi 3 kabla ya kufunga.

Dhana: Padogo pana siri.
Ukweli: Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, ule unaowaachia mwandishi na mpokeaji pekee kuusoma. Msimamizi wa seva yako, na wa seva ya unayemwandikia, wanaweza kuusoma. Mambo nyeti yapeleke Signal, programu ya ujumbe yenye usimbaji huo.