Damu ya mwanasoka kijana wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu

Timu za vijana Malindi zikirudi mazoezini, wazazi na makocha huuliza haya.

Mwanangu ana miaka 16. Kabla ya mazoezi damu yake ilikuwa 14.2, wiki mbili baadaye imesoma 13.4. Damu imekwenda wapi?

Haijaenda popote, mama, na huenda hata imeongezeka. Damu ni chembe nyekundu zinazoelea ndani ya majimaji yaitwayo plazma. Kijana akianza kukimbizwa sana, tena kwenye joto, mwili huongeza plazma ndani ya siku chache tu, ilhali chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Ni kama mchuzi wa samaki ulioongezwa tui: vipande ni vilevile, ila kila upawa hutoka na vichache. Maabara nayo hupima upawa, yaani gramu za himoglobini (kibeba oksijeni kilicho ndani ya chembe nyekundu) katika desilita moja, si damu yote mwilini.

Plazma hiyo ina faida kubwa. Moyo hujaa vizuri kabla ya kila pigo na kusukuma damu nyingi kwa mara moja, na ngozi hupata damu ya kutolea joto bila misuli kupunjwa.

Nitajuaje kama ni upungufu wa damu kweli?

Mwangalie uwanjani. Plazma ikiongezeka, kijana huwa mwepesi wiki hadi wiki. Mwenye upungufu hurudi nyuma: mbio alizozimudu juzi leo zinamshinda, anahema kwa kupanda ngazi tu, viganja na ndani ya kope vimepauka. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni upungufu mvulana wa miaka 15 na zaidi akiwa chini ya 13. Kwa wasichana, na kwa wavulana wa miaka 12 hadi 14, ni chini ya 12.

Huku Pwani tusibahatishe. Malaria huvunja chembe nyekundu, safura hunyonya damu utumboni, kichocho huimwaga kwenye mkojo. Msichana aliyevunja ungo hupoteza chuma kila mwezi pia. Kijana aliyeshuka chini ya kiwango apimwe malaria, choo na mkojo, na akiba ya chuma (feritini) kama maabara ina kipimo hicho. Tabia ya kugawia timu nzima vidonge vya kuongeza damu siiungi mkono hata kidogo: mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi, na ugonjwa wenyewe unabaki umefichika.

Asubuhi anakula mahamri kwa mbaazi na chai. Inatosha?

Mbaazi zina chuma. Tatizo ni chai, kwani huzuia chuma kisifyonzwe. Ainywe baada ya saa moja au zaidi, na mbaazi azile pamoja na chungwa au embe. Dagaa, samaki na maini vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi zaidi. Baada ya mazoezi mazito, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hubana upitaji wa chuma. Hufika kilele saa 3 hadi 6 baadaye. Kwa hiyo anayefanya mazoezi alfajiri ale mapema, kabla homoni hiyo haijapanda, asikae na njaa mpaka adhuhuri.

Mapigo yake yamepungua. Ni hatari?

Kwa kawaida hapana, ni moyo unaozidi kupata nguvu. Ayahesabu dakika nzima kabla ya kutoka kitandani. Yakipanda ghafla kuliko kawaida yake, huenda hajapumzika au homa inakuja. Lakini akizirai akikimbia, au kifua kikimbana, aache mazoezi mpaka daktari amwone.

Damu yake ni AS. Acheze?

Acheze. AS si ugonjwa wa sikoseli. Amerithi kinasaba cha sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu, na huku Kilifi wako wengi kwa sababu humkinga mtoto na malaria kali. (Mwenye SS, yaani aliyekirithi kwa wazazi wote wawili na ana ugonjwa wenyewe, ni tofauti, aongozwe na daktari wake.) Hatari kwa mwenye AS ipo siku za mwanzo, kocha akipanga mbio za kasi mfululizo juani, bila maji wala mapumziko: chembe nyekundu zinaweza kujikunja na kuziba mishipa midogo. Mazoezi yaongezwe taratibu. Akisema miguu imelegea au inauma, akae chini hapo hapo, asilazimishwe kumaliza mzunguko. Akianguka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji, akimbizwe hospitali, na daktari aambiwe mara moja kwamba ni AS.