Swali la tisa: mbona mnaliruka?

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya, Tanzania Bara. Sehemu ya kazi yangu ni kuzunguka zahanati na vituo vya afya kuwasimamia wenzangu waliofundishwa kuwatambua wagonjwa wa sonona. Nikifika huomba mafaili na kuangalia fomu ya PHQ-9, ile ya kupimia dalili za sonona. Ina maswali tisa. Manane ya kwanza yamejazwa vizuri: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukata tamaa. La tisa, linalouliza kama mtu amewaza kwamba heri afe au ajidhuru, liko wazi. Au limewekwa sifuri na mtu ambaye, nikimuuliza, anakiri hakulisoma kwa mgonjwa.

Maswali yafuatayo nimeulizwa na wauguzi, matabibu na ndugu wa wagonjwa.

Sonona ni nini?

Ni huzuni, au kukosa raha hata kwa mambo uliyoyapenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, hadi kazi na nyumba vinaanza kukushinda. Huandamana na usingizi kuvurugika, chakula kutopita, uchovu usioisha, kujiona huna thamani. Ni ugonjwa na unatibika. Si uvivu, wala si upungufu wa imani.

Mbona wanakuja wakilalamikia tumbo na kichwa?

Kwa sababu ndivyo wanavyoumwa. Ni nadra mtu kuketi mbele yako na kusema "nina sonona". Atasema ana mawazo, moyo unamwenda mbio, mwili unamwaka moto, usingizi umemkimbia. Nasi tunafanya nini? Kipimo cha malaria. Kipimo cha taifodi. Vidonge vya maumivu, vitamini, dripu moja "apate nguvu". Wiki ijayo amerudi, na tunaanza upya.

Kuna mzee mmoja ambaye daftari lake silisahau. Ndani ya mwezi mmoja alikwenda zahanati moja mara tatu. Mara ya kwanza alipewa dawa ya vidonda vya tumbo, mara ya pili sindano, mara ya tatu akaambiwa vipimo vyote viko sawa, mzee nenda kapumzike. Mara ya nne hakwenda mwenyewe. Alifikishwa kwetu juu ya bodaboda, kashikwa na wanawe wawili. Alipona. Siku alipoweza kuzungumza aliniambia, "Ile mara ya pili nilikuwa naanza kusema, binti akaita mwingine aingie."

Nikimuuliza kama anawaza kujiua, si nitakuwa nimemtia wazo ambalo hakuwa nalo?

Hapana.

Naomba nirudie, kwa sababu hili ndilo swali ninaloulizwa kila semina, na wanaouliza ni watu wenye vyeti ukutani. Hapana. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumfanyi ajiue. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uitwao mhGAP, ambao ndio tunaoutumia kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa wa akili, unasema hivyo waziwazi: kuuliza hakuchochei mtu kujidhuru, na mara nyingi humpunguzia wasiwasi na kumfanya ahisi ameeleweka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Nusu yao waliulizwa maswali kuhusu kujiua, nusu hawakuulizwa. Baada ya siku mbili wote wakapimwa tena. Walioulizwa hawakuwa na fadhaa zaidi wala mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao. Wale waliokuwa na dalili za sonona, walipoulizwa, fadhaa yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao wenye dalili hizohizo ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo anayeliruka swali la tisa "ili kumlinda mgonjwa" hajamlinda. Amejilinda yeye mwenyewe asisikie jibu.

Lakini wahenga walisema, usimwamshe aliyelala.

Huyu hajalala, mwenzangu. Swali la tatu la fomu yako mwenyewe linaonyesha usingizi umemkimbia karibu kila siku. Yuko macho saa nane za usiku, peke yake, na hilo wazo unaloogopa kumpa analo tayari. Unachoweza kumpa wewe ni mtu wa pili wa kuwa nalo.

Mimi nina miaka 24, yeye ni mzee wa umri wa babu yangu. Naanzaje kumuuliza mambo ya kifo chake?

Hofu hii naielewa kuliko zote, na siipuuzi. Kwetu mtoto hamtajii mkubwa kifo. Lakini ndiyo maana lazima ujifunze namna.

Anza kama unavyoanza siku zote: shikamoo, kiti, mlango ufungwe. Mtoe nje aliyemsindikiza, kwa heshima. Wapo watakaosema mbele yako na wasiseme mbele ya mke au mkwe. Sikiliza kwanza habari ya tumbo, maana ni kweli linamuuma. Kisha sema: "Baba, mtu akibeba mzigo kama huu muda mrefu, hufika mahali akaona heri afe apumzike. Wewe umewahi kufika hapo?" Nyamaza. Usikohoe, usiandike, usiangalie simu. Akisema ndiyo, au akiinama tu, endelea: "Umewaza kujiua? Umeshafikiria ungefanyaje? Lini? Umeshaandaa chochote?"

Litaje neno lenyewe, kujiua. Usizungukezunguke na "kufanya jambo baya", maana mgonjwa anakusikia unavyoliogopa, naye ataogopa kukujibu. Na usiulize kwa kumziba mdomo: "Huna mawazo ya ajabuajabu, eti mama?" Hilo si swali, ni ombi la kujibiwa hapana.

Jambo moja la fomu: jumla ya alama isikudanganye. Tumezoea kwamba alama 10 na kuendelea ndiyo sonona ya kushughulikiwa. Mtu anaweza kuwa na jumla ya 7, lakini swali la tisa akajibu "siku kadhaa". Huyo haruhusiwi kuondoka hadi umemuuliza kwa kina.

Akisema ndiyo?

Mshukuru kwa kukwambia. Usimhubirie, usimkemee kwa dhambi, usimwambie awafikirie watoto. Amewafikiria, wengi wanaamini watoto watapumua wao wakiondoka, na huo ndio ugonjwa unavyosema.

Kama ana mpango, ana njia na ameweka wakati, hiyo ni dharura sawa na mama anayetokwa damu. Haachwi peke yake hata dakika ya kwenda chooni. Anapelekwa hospitali leo. Kama ni mawazo bila mpango, pamoja na ndugu anayemwamini, kwa ridhaa yake, pangeni nani atalala naye, dawa na sumu za shambani zitafungiwa wapi na ufunguo utashikwa na nani. Watu hubeza hili la ufunguo, eti mwenye nia atapata njia nyingine. Si kweli. Kilele cha wazo la kujiua mara nyingi ni cha muda mfupi, na anayekosa njia wakati huo mara nyingi huvuka salama. Sri Lanka walianza kupiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, na toka katikati ya miaka ya 1990 hadi 2015 kiwango cha vifo vya kujiua kilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Ameshajaribu, kaletwa hoi. Tusubiri kwanza PF3?

Hapana! Mtibuni. Karatasi ya polisi itafuata baadaye. Najua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na najua ndugu hudanganya, husema "amekunywa kwa bahati mbaya", kwa kuogopa polisi. Nchini Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba yao, kwetu tunasubiri. Lakini hakuna sheria inayokutuma umwache mtu afe kwenye benchi la mapokezi. Na nesi anayemwambia aliyejaribu kujiua "ungefanya kweli basi tukajua moja", nimemsikia kwa masikio yangu, huyo ajue mgonjwa hatarudi tena kwake kusema kitu.

Nimpe dawa gani?

Kama umefundishwa na dawa unazo, fuata mwongozo. Mambo matatu ninayoyakuta yakikosewa. Diazepamu haitibu sonona. Inamlaza tu, na kesho tatizo liko palepale. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, mwambie hivyo tangu mwanzo, la sivyo ataziacha siku ya tano; na akipata nafuu anaendelea nazo miezi 9 hadi 12, hakatishi mwenyewe. La tatu: mwenye mawazo ya kujiua hapewi kopo la mwezi mzima, kwani baadhi ya dawa hizi zikizidi ni hatari kwa moyo. Mpe za wiki moja, zikae kwa ndugu. Hiyo pia inamrudisha kwako kila wiki, na kumwona ni nusu ya tiba.

Mafunzo ya siku chache ukumbini yanatosha?

Hayatoshi, na tuseme ukweli namna yanavyofanyika. Watu husaini posho, husikiliza slaidi, hupiga picha ya pamoja, hurudi na cheti. Mimi sasa nawakalisha wawiliwawili, mmoja mgonjwa mmoja muuguzi, na kila mtu lazima alitamke swali la tisa kwa sauti mara kumi. Mara ya kwanza wanacheka. Mara ya nne sauti zinashuka. Wapo waliotoka nje kulia, maana swali lilikuwa linawahusu wao: anayelala zamu peke yake zahanati ya mbali, aliyeshuhudia mama na mtoto wakifa usiku mmoja na asubuhi akatakiwa kufungua dirisha la dawa. Mhudumu naye anaumwa. Naye aulizwe.

Kisha aje msimamizi, kila baada ya muda, akae naye chumbani amwone akiuliza. Bila hilo, cheti ni karatasi.

Anayesema kazi hii ni ya madaktari bingwa tu aitazame Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda, aliyempoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake haikuwa na nauli ya kumleta hospitali, aliwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu. Ugonjwa wanauita kwa Kishona *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Ni "mawazo" yetu haya haya. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa kwenye benchi walikuwa takribani 14 kwa mia. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, 50 kwa mia. Bibi wameweza. Wewe mwenye stashahada unaogopa nini?

Sisi ni ndugu tu, hatujasomea. Na sisi tumuulize?

Ndiyo, muulizeni. Na mara ya tatu sasa: hamtamtia wazo. Kijana akianza kugawa vitu vyake, kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, kusema "mtanikumbuka" au "hamtasumbuka tena na mimi", muulizeni siku hiyohiyo. Msiseme anadeka. Msiseme anayesema hafanyi; wengi waliofanya walisema kwanza. Maombi na dua nendeni, siwakatazi, lakini hospitali iwe kwanza na iwe leo, si baada ya mkesha wa siku saba. Msimfunge kamba na msimfungie chumbani peke yake.

Akiruhusiwa, tumemaliza?

Wiki na miezi ya mwanzo baada ya kutoka ndiyo ya hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watu 1,867 waliojaribu kujiua, katika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China. Kundi moja liliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuondoka, kisha kutembelewa au kupigiwa simu mara tisa ndani ya miezi 18. Waliokufa kwa kujiua katika kundi hilo walikuwa wachache sana kuliko wale walioachwa na huduma ya kawaida. Simu tu. Vocha ya shilingi elfu moja inatosha wagonjwa kadhaa, na kituo kinachosema hakina bajeti ya hiyo nakiomba kitafute tena.

Ni Ijumaa saa kumi jioni, mgonjwa kasema ndiyo, mratibu wa wilaya hapatikani. Nimwambie arudi Jumatatu?

Usimwambie. Vuta kiti ukae naye. Mpigie ndugu aje, na usimruhusu mgonjwa atoke kabla ndugu hajafika. Mpigie mganga mfawidhi, kisha hospitali ya wilaya. Zamu ya usiku ipo, na gari likikosekana, ndugu wawili wamsindikize, mmoja kila upande. Andika kwenye rufaa kwa maneno kamili, "ana mawazo ya kujiua na ana mpango", usiandike "msongo". Chukua namba ya yule atakayelala naye. Saa mbili usiku piga uulize kama wamefika.