Mkazo wa spoku: kinachoamua kama gurudumu litamaliza safari

Mkazo wa spoku ni ile nguvu inayoivuta kila spoku, yaani njiti ya waya ya gurudumu, kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na ringi (duara linaloshika tairi). Spoku yenyewe ni nyembamba, kwa kawaida milimita 2 tu, na haiwezi kuhimili kusukumwa: ukiibana inapinda. Kazi yake yote ni kuvuta. Fundi akizikaza zote sawasawa, ringi huvutwa pande zote kwa pamoja ikabaki duara na imara, hata keria ikibeba gunia la karafuu.

Wengi hudhani spoku hukatika kwa kukazwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake. Gurudumu likizunguka, spoku zinazofika chini, pale tairi linapogusa barabara, hupungua mkazo, na zikipanda mkazo hurudi. Iliyokazwa vya kutosha hupungua kidogo tu. Iliyo legelege huishiwa mkazo kabisa, ikacheza kwenye tundu la habu, kisha ikavutwa tena kwa ghafla. Ni kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Tairi la inchi 28 huzunguka karibu mara 450 kwa kilomita moja. Kutoka Mjini Unguja hadi Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, zaidi ya kilomita 50, hizo ni zaidi ya mara 22,000. Ndiyo maana spoku huweza kukatika kwenye lami safi, pasipo shimo wala jiwe: chuma kilishachoka zamani. Na mara nyingi hukatikia kwenye kiwiko, inapopinda kuingia kwenye habu.

Gurudumu la nyuma ndilo linaloumia zaidi, kwa kuwa ndilo lenye mzigo. Kwenye baskeli ya gia kuna jambo jingine: friwili, yaani yale meno ya nyuma yanayoshika mnyororo, inakula nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoku za kulia husimama wima zaidi na hulazimika kukazwa zaidi kuliko za kushoto. Gia zikizidi, tofauti huzidi. Zile baskeli za Phoenix za ringi ya inchi 28 tunazoziona zikipandisha mizigo vilima vya Pemba hazina shida hiyo kubwa. Zina sproketi (duara la meno ya mnyororo) moja tu nyuma, pande mbili zinakaribiana mkazo, na nyingi zina spoku 40 nyuma na 32 mbele. Ni nzito, lakini gurudumu lake limepangwa kwa akili, na mimi ningeliamini kwa safari ndefu kuliko gurudumu jepesi la spoku 24.

Kukagua ni rahisi. Shika spoku mbili zilizo jirani za upande mmoja, zibane kwa vidole, uzunguke gurudumu zima. Au zigonge kwa kucha usikilize: za upande mmoja zinatakiwa zitoe sauti inayokaribiana, na yenye sauti nzito ndiyo iliyolegea. Ringi ikiyumba kwenda kulia, kaza nati za spoku za kushoto mahali hapo, robo mzunguko kwa mara moja, usiende zaidi. Gurudumu jipya lirudishwe kwa fundi baada ya kilomita mia chache, kwa sababu spoku hujikalisha na kulegea.

Kwetu visiwani kuna chumvi pia. Upepo wa bahari huzitia kutu spoku za chuma cha kawaida, na nati zinazozishika kwenye ringi zikigandana na spoku, ukizungusha ufunguo spoku nzima inajisokota badala ya kukaza. Spoku za chuma kisichoshika kutu, nati za shaba ya manjano, na tone la mafuta kwenye hesi (mikato ya kuzungushia nati) kabla ya kufunga, vinaokoa kazi kubwa baadaye.

Msafiri achukue spoku za akiba za urefu wa kulia na wa kushoto, maana kwenye baskeli ya gia hazilingani, azifunge kwa utepe kwenye fremu. Achukue na kifaa cha kufungulia friwili, kwa kuwa ikikatika ya kulia nyuma, bila kuitoa friwili huwezi kuipitisha mpya.