Giligilani, nanaa, mrehani: sungura wako ale nini bustanini?

Giligilani ndiyo jani la kiungo ninalopenda mtu aanze nalo anapotaka kumpa sungura wake kitu cha bustanini. Ni laini, sungura wengi hulipokea bila kusita, na halina kalsiamu nyingi: kama miligramu 67 katika gramu 100 za majani mabichi. Parsili, ambayo wafugaji wanaiogopa kuliko zote, ina takriban 138. Mrehani una 177 hivi, nanaa inacheza kwenye 200 na zaidi kidogo kutegemea aina, na rozimeri mbichi inapita 300. Yaani parsili imebebeshwa lawama peke yake ilhali wenzake wameizidi.

Kalsiamu inatusumbua kwa sababu ya jinsi sungura alivyoumbwa. Mbwa au binadamu hunyonya kiasi ambacho mwili unakihitaji, kinachobaki kinatoka na choo. Sungura hunyonya karibu yote iliyomo kwenye chakula, halafu figo zake zinahangaika kuitoa ziada kupitia mkojo. Ndiyo maana mkojo wa sungura mzima wa afya unaweza kuwa mweupe wenye ukungu, ukikauka sakafuni unaacha vumbi kama chokaa. Huo si ugonjwa. Ugonjwa unaanza mkojo unapokuwa mzito kama tope, sungura anajikamua, na manyoya ya nyuma yanalowa muda wote.

Lakini tufanye hesabu. Vitawi vitatu vya nanaa havifiki gramu 10, kwa hiyo kalsiamu aliyoipata ni miligramu 20 na ushei tu. Sungura wanaoletwa kwangu na tope la kibofu mara nyingi wanakula lusini (alfalfa, majani ya lishe yenye kalsiamu nyingi) kila siku, pellet (chakula cha vidonge cha dukani) bila kipimo, bakuli la mchicha (huo nao una zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100), maji yenyewe kidogo, na wanashinda ndani ya kizimba bila kukimbia. Lusini iwe ya watoto wanaokua na mama anayenyonyesha. Kwa sungura mzima aliyetulia nyumbani, ni nyingi mno.

Mlo wa sungura ni nyasi. Mbichi au kavu, Rhodes au majani ya tembo, lakini nyasi, na apate kila siku rundo linalokaribia ukubwa wa mwili wake. Meno yake hayaachi kukua maisha yote, milimita 2 hivi kwa wiki, na kinachoyasaga ni ugumu wa nyasi. Majani ya mrehani hayasagi chochote. Nyuzi za nyasi pia ndizo zinazosukuma utumbo. Baada ya utumbo mwembamba kuna kifuko kikubwa kilichojaa bakteria wanaochachua chakula, na kutoka humo sungura hutoa kinyesi laini kilichoshikana kama kichala cha zabibu, ambacho hukila moja kwa moja kutoka mkunduni, hasa usiku. Wenye sungura kwa mara ya kwanza huona kinyaa. Muacheni, humo mna vitamini na protini anazozihitaji.

Bakteria hao hawapendi mabadiliko ya ghafla. Kwa hiyo jani jipya liingie moja moja: tawi moja leo, halafu angalia choo kesho. Vidonge vikiwa vikubwa, vikavu na vya duara, ongeza kidogo. Vikiwa vidogo, vimeungana na manyoya au vimelainika, acha jani hilo na umrudishe kwenye nyasi tupu mpaka atengemae. Akishazoea, konzi moja ya majani mchanganyiko kwa kila kilo ya uzito wake inatosha kwa siku, na viungo viwe sehemu ndogo ya konzi hiyo, vikibadilishana. Watoto ambao hawajafikisha wiki 12 huwa siharakishi kuwapa.

Mkojo ukigeuka mwekundu au wa chungwa siku moja baada ya majani mapya, usikimbilie kusema ni damu. Rangi za mimea hupita kwenye mkojo wa sungura na kutisha watu bure. Ukibaki mwekundu siku zinazofuata, hapo tuupime.

Sasa majirani wa giligilani kwenye bustani. Vitunguu vyote, yaani vitunguu maji, saumu, liki na yale majani ya vitunguu tunayokatia kachumbari, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Visiingie kabisa, vibichi wala vilivyopikwa. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo pia hapana. Parachichi linanitia hofu kuliko yote kwa sababu miti yake imejaa kwenye viwanja vya watu: majani yake yana sumu iitwayo pesini inayoharibu misuli ya moyo, na kwa mama anayenyonyesha inaharibu matiti. Ukimtoa sungura atembee, usimfungulie chini ya mparachichi. Uzio wa lantana, ule wenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, unaua ini. Mnyaa una utomvu unaounguza mdomo na macho.

Kuhusu mnanaha (datura, si nanaa) kuna jambo la ajabu kidogo. Baadhi ya sungura wana kimeng'enya kwenye damu kinachovunja atropini, sumu iliyomo kwenye mmea huo, ndiyo maana sisi madaktari hatuitegemei sana dawa ya atropini kwa sungura. Usichukulie hiyo kama ruhusa. Huwezi kujua wako ni wa kundi lipi.

Giligilani ya sokoni ina shida yake: dawa za kuua wadudu. Mkulima anayepulizia Jumatatu na kuvuna Jumatano hajasubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo, na dawa iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kusuuza. Mnyama wa kilo 2 ana nafasi ndogo ya kuvumilia. Panda mwenyewe. Mbegu ya giligilani ile ya duara kwa kweli ni mbegu mbili zilizofunikwa pamoja. Isugue kidogo ipasuke, iloweke, imwage kwenye ndoo iliyotobolewa chini, nayo itaota ndani ya wiki mbili hivi. Nanaa hata mbegu haihitaji. Kata kitawi, kiweke kwenye glasi ya maji mpaka kitoe mizizi. Ila ipe chombo chake, maana itateka bustani nzima.

Wazee wa ufugaji husema majani yenye maji huua sungura. Matone ya maji hayana kosa. Kinachoumiza ni majani yaliyokatwa, yakalundikwa kwenye kiroba yakiwa mabichi, yakapata joto na kuanza kuchacha. Tia mkono katikati ya lundo: likiwa la moto, lipeleke kwenye mboji. Usikate pia mahali mbwa wanapojisaidia, kwa kuwa mayai ya tegu wao hugeuka malengelenge ndani ya tumbo la sungura.

Mafuta yaliyokamuliwa kutoka nanaa au rozimeri sitaki kuyaona karibu na sungura, hata kwa tone moja. Jike mwenye mimba asipewe parsili nyingi, ina apioli ambayo huchokoza mfuko wa uzazi. Na viungo havitibu utumbo uliosimama. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula wala kutoa choo ni dharura: hawezi kutapika, na hali yake hubadilika kwa saa, si kwa siku. Usimpe amoksilini ya kunywa iliyobaki kabatini, kwani inaua bakteria wema wa tumbo na mara nyingi inammaliza sungura mwenyewe. Mlete. Kama unashuku amekula mmea fulani, ng'oa tawi lake pamoja na ua au tunda kama lipo, ulitie kwenye mfuko uje nalo.