Maana ya pointi ya jeki iliyolegea katika gari dogo

Pointi ya jeki ni sehemu maalumu chini ya bodi ya gari, iliyoimarishwa kiwandani ili ibebe uzito wakati gari linapoinuliwa. Magari madogo mengi, kama vile Toyota Vitz na Nissan March, huwa na pointi nne: kila upande moja iko nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, na nyingine mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, katika ule ukingo mwembamba wa bati unaopita chini ya milango. Mara nyingi huonyeshwa kwa vijipengo viwili vilivyokatwa ukingoni. Gari la namna hii halina chasisi ya pekee; bodi yenyewe ndiyo mifupa yake, na gari lenye uzito wa kilo 1,000 likiinuliwa pembe moja, mamia ya kilo huelemea mahali pasipozidi upana wa kiganja.

Mtu akisema kwamba pointi imelegea, huenda anazungumzia moja kati ya mambo matatu, nayo hayalingani kwa hatari. Baadhi ya magari, hasa yatokayo Ulaya, yana kipande cha mpira au plastiki kilichochomekwa katika tundu la pointi. Kikichezacheza, hununuliwa kingine na mambo yakaisha. Jambo la pili ni ukingo uliolala upande kwa sababu gari liliinuliwa kwa jeki yenye kichwa bapa, ilhali ukingo huo unataka kichwa chenye mfereji. Ukingo wa namna hiyo hunyooshwa kwa koleo na kupakwa rangi, maadamu haujapasuka. La tatu ndilo linalostahili maneno mengi, nalo ni bati lililoliwa na kutu kwa ndani hata likaishiwa nguvu, ingawa kwa nje bado linang'aa.

Mimi nililitambua hilo baada ya kuvuka daraja la mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, nikielekea Mambrui, nilipopata panchari ya gurudumu la nyuma. Nilizungusha jeki, nikaiona ikipanda, lakini gari halikunyanyuka. Kisha nikasikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, magamba mekundu ya kutu yakadondoka mchangani, na mlango wa nyuma ukakataa kufunguka. Jeki ilikuwa inaingia ndani ya bodi badala ya kuibeba. Fundi mmoja mtu mzima aliyeitazama pointi hiyo baadaye alichoma bisibisi pale pale, ikazama hadi nusu, akaniambia: "Mwanangu, hapa chuma kimeshakwisha, iliyobaki ni rangi."

Huku Malindi jambo hili si geni, kwani hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Ndani ya ukingo wa milango mna uwazi mfano wa bomba, wenye matundu madogo ya kutolea maji upande wa chini. Matope ya masika na mchanga laini yakiyaziba matundu hayo, maji hubaki humo siku nyingi, na bati huoza kutoka ndani kwenda nje. Tena magari yetu mengi huja yakiwa yameshatumika Japani, na yale yaliyotembea katika sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, huweza kushushwa Mombasa yakiwa na kutu tayari.

Kwa hiyo pointi zote nne zichunguzwe gari likiwa chini, kabla ya siku ya panchari. Gonga ukingo kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia kwa mlio mkali, lililooza hutoa sauti nzito iliyofifia, na mara nyingine vumbi la kutu humwagika kupitia tundu la maji. Rangi iliyovimba kama malengelenge nayo ni dalili mbaya.

Pointi ikithibitika kuwa imeoza, isiguswe kwa jeki hata kwa kuwekewa ubao, kwa maana ubao hutandaza uzito lakini haurudishi chuma kilicholiwa. Tafuta mahali pengine penye nguvu, kama vile pale mkono wa sasipensheni, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu, unapofungwa kwa bolti kwenye bodi, au boriti nene ya chini ya injini ikiwa kitabu cha gari kinaruhusu. Usiinulie kwenye sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini), gia boksi, wala bati la sakafu. Vuta handibreki, zuia magurudumu yanayobaki chini, legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua, na katika mchanga wetu weka ubao mpana chini ya jeki isije ikazama. Anayetaka kuingia chini ya gari na aweke stendi za chuma. Jiwe la matumbawe lafaa kuzuia gurudumu, lakini kulibebeshea gari ni kuhatarisha roho ya mtu, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Matengenezo ya kweli ni kukata bati lote lililooza hadi kufikia chuma kizima, kuchomelea bati jipya lenye unene unaolingana na la awali, kisha kupaka rangi ya kuzuia kutu na kupulizia nta ndani ya uwazi ule. Kabla ya kuchomelea, betri hufunguliwa na zulia la ndani huondolewa, kwa sababu moto hupita upande wa pili wa bati bila fundi kuuona. Ninawasihi wenye magari wakatae kabisa kazi ya kuziba tundu kwa puti, yaani uji mzito wa kujazia mashimo ya bodi unaogumu ukikauka, na kupaka rangi juu yake, kwa kuwa puti haibebi uzito wowote, na mtu wa kwanza kuligundua hilo huwa ni yule aliyepiga magoti kando ya gurudumu.